Kumbukumbu iliyofunikwa: kufunika si kufuta

Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ina kumbukumbu ya kilobaiti 64. Hata hivyo, ikiwashwa hutangaza baiti 38,911 tu kwa programu za BASIC. Nyingine hazikufutwa. Katika anwani 40960 hadi 49151, kwa mfano, kumbukumbu ya kusomwa tu hufunika ile ya kawaida: kinachoandikwa huingia chini, ilhali kinachosomwa hutoka juu. Biti ya chini kabisa ya anwani 1 ikifanywa sifuri, kifuniko huondoka na kilichoandikwa husomeka.

Kwa hiyo mfasiri atumie *kufunika*; akiandika *kufuta*, msomaji ataamini kuwa data imepotea. Vilevile, *anwani* si chumba chenyewe: anwani moja yaweza kuelekeza kwenye vyumba viwili.