Ruta Yako Nyuma ya Kisanduku cha Kampuni

Fundi akija kukuunganishia faiba Ruring'u, King'ong'o au Karatina, huvuta uzi kutoka kwenye nguzo, hutoboa ukuta wa sebule karibu na dirisha, hutundika kisanduku, hukuonyesha nywila iliyobandikwa chini yake, kisha huenda zake. Jioni, sebuleni video zinakimbia, lakini ukiingia chumba cha mwisho simu inazunguka tu. Mara nyingi laini haina kosa lolote. Nyumba zetu huku mlimani ni za mawe, na ukuta wa jiwe la inchi tisa hunyonya mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahezi 5 yenye kasi. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole, na majirani wote wa ploti wamejazana humo humo.

Hapo watu huenda mjini kununua ruta, wakidhani wataing'oa ile ya kampuni. Haing'oki. Kisanduku kile kina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo uwe data. Uzi mmoja kutoka kituoni hugawiwa nyumba nyingi, aghalabu 32 au 64, na mtambo wa kampuni hukitambua kila kisanduku kwa namba yake na kukipa zamu yake ya kutuma. Ruta ya kawaida ya dukani haina hata tundu la uzi huo. Kazi ya pili ni kugawa anwani za IP na kurusha waifai, na hii ndiyo unayoweza kuikabidhi ruta yako.

Kwa hiyo tafadhali usichomoe ule uzi wenye kichwa cha kijani. Ncha yake imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, na chembe ya vumbi inatosha kuwasha taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga haufiki.

Kabla hujatoa hata shilingi, chomeka kompyuta kwenye kisanduku kwa kebo ya LAN upime kasi. Ukipata unayolipia, laini ni nzima na shida ni waifai. Ukipata nusu yake, hakuna ruta itakayokusaidia, hata iwe ghali vipi. Pigia kampuni simu.

Niliitwa nyumba moja ya Kamakwa ambako mwenyewe alikuwa amenunua ruta nzuri sana, akaiunganisha, na intaneti ikakataa kabisa. Nilipofungua mipangilio, nikakuta visanduku vyote viwili vinajiita 192.168.1.1. Ni sawa na milango miwili ya ploti moja kuandikwa namba ileile: anayeleta mzigo hajui abishe wapi. Tukaipa ruta yake 192.168.50.1, na kabla chai haijapoa simu zote zilikuwa hewani. Lakini ruta ilikuwa palepale sebuleni, juu ya kisanduku, na chumba cha mwisho kikabaki vilevile. Siku iliyofuata tulipitisha kebo darini hadi kwenye korido ya katikati. Kebo ya LAN hufika mita 100, na hakuna nyumba ya Kamakwa inayohitaji nusu ya hizo. Kebo hiyo ndiyo iliyomaliza shida.

Kwa familia nyingi nashauri ruta iwekwe irushe mawimbi tu, ugawaji wa anwani ubaki kwa kisanduku. Zima pia waifai ya kisanduku ikiwa haihitajiki, zisije zikagombana. Anayetaka ruta yake ishike kila kitu aiombe kampuni igeuze kisanduku kiwe daraja tupu la kupitisha data, na aulize kama atahitaji jina na nywila za kuunganishia. Ziandike kabla hawajakigeuza. Wenye Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, wana chaguo kama hilo ndani ya programu yake. Nalo daraja lina mpaka: ruta yako ikionyesha kwa nje anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, wewe na wateja wengine mnatumia anwani moja ya nje, na kuiona kamera ya shambani ukiwa Nairobi kutahitaji huduma ya kamera yenyewe au anwani ya kulipia.

Jambo dogo la stima: ukinunua betri ya kuhimili giza, ilishe visanduku vyote viwili. Ruta ikiwaka peke yake, waifai itaonekana imejaa na hakuna kitakachofunguka.

Ukihama, rudisha kisanduku na adapta yake, maana ni mali ya kampuni. Ruta fungasha uende nayo Nanyuki au Embu: ukiacha jina na nywila ya waifai kama vilivyokuwa, simu na televisheni zitaitambua siku hiyohiyo.