Jina la Parameta: Suala la Istilahi katika Msimbo wa Kompyuta

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Kauli hii ina mashiko hata katika uandishi wa programu za kompyuta. Fanksheni ni sehemu ya programu inayotekeleza kazi maalumu. Parameta nayo ni jina la kile ambacho fanksheni hupokea ili kuitekeleza kazi hiyo. Kompyuta haijali jina ni lipi. Anayelitegemea ni binadamu atakayeusoma msimbo baadaye.

Sifa ya kwanza ya jina bora ni uwazi. Parameta iitwayo "msukumo" haibainishi kipimo. Mnamo tarehe 23 Septemba 1999, shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter. Programu moja ilitoa msukumo kwa ratili-sekunde, ilhali nyingine ilizipokea tarakimu zizo hizo kama nyutoni-sekunde, tofauti ya takribani mara 4.45. Jina "msukumo_nyutoni_sekunde" peke yake halizuii kosa la aina hii, ila humzindua msomaji.

Sifa ya pili ni uthabiti. Katika lugha ya PHP, fanksheni ya strpos hutanguliza rundo la nyasi, kisha sindano inayotafutwa. In_array hutanguliza sindano. Mtumiaji hulazimika kukariri. Toleo la 8.0, lililotolewa Novemba 2020, liliruhusu parameta kutajwa kwa jina badala ya kutegemea mpangilio. Kwa ajili hiyo, wasanifu walisawazisha majina mengi. "Str", kwa mfano, likawa "string". Tangu hapo, anayebadilisha jina la parameta huenda akazivuruga programu za wenzake, kwani jina limekuwa sehemu ya mapatano.

Mwanaisimu atatambua hapa kanuni ya uundaji istilahi: dhana moja, istilahi moja. Katika Kiswahili, "tarakilishi", "ngamizi" na "kompyuta" zimeishi pamoja, na muktadha humwokoa msomaji. Katika msimbo, fanksheni moja ikitumia "mteja" na nyingine "mnunuzi", msomaji hushuku kuwa wanaorejelewa ni watu wawili.

Ni dhahiri, basi, kwamba taaluma ya istilahi haikomei kwenye kamusi. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kupima maana ya neno kabla ya kulipitisha ana mchango wa kutoa hata mahali ambapo msomaji wa kwanza ni mashine.