Nchi imejaa mafuta, mbona mishahara haitoki? Kisa cha Sudan Kusini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo, vijiweni Songea swali ni lilelile: tungekuwa na visima vyetu vya mafuta, si maisha yangekuwa rahisi?

Jibu lipo hapahapa Afrika Mashariki. Sudan Kusini, mwenzetu kwenye EAC tangu 2016, ina visima. Lakini watumishi wake wa umma wamewahi kukaa miezi bila mshahara, na petroli wanayotumia Juba inaingizwa kutoka nje.

Imekuwaje?

Ilipopata uhuru Julai 2011, karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitoka kwenye mafuta ghafi. Chukulia kijiji cha Mbinga chenye kahawa tu, hakuna mahindi wala maharage, halafu njia ya kupeleka kahawa sokoni inapita shambani kwa jirani mliyegombana naye. Ndo ilivyo: Sudan Kusini haina bahari, mafuta yake yanapita kwenye bomba hadi Port Sudan, ndani ya Sudan.

Januari 2012 wakagombana kuhusu ada za bomba. Juba ikafunga visima vyote. Kutoka mapipa kama 350,000 kwa siku hadi sifuri, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Walirudi kuzalisha 2013, na Desemba mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Hesabu iliyoumiza

Kwenye makubaliano mapya, Sudan Kusini ilitakiwa kuilipa Sudan karibu dola 25 kwa pipa, bei ipande au ishuke. Pipa likiuzwa zaidi ya dola 100 hiyo sio shida. Ila Januari 2016 bei ya dunia ilishuka chini ya dola 30. Toa 25, ona kinachobaki. Na hapo vita vinataka hela.

Serikali ikakopa benki kuu, noti zikachapishwa. Tatizo ni kwamba noti mpya hazileti dola mpya, na karibu kila kitu dukani kinatoka nje, hasa Uganda kupitia mpaka wa Nimule. Desemba 2015 paundi ilipoachiwa sokoni, dola moja ilitoka paundi 3 hivi hadi 18.5, kwa mkupuo.

Oktoba 2016 mfumuko wa bei ulipita asilimia 800 kwa mwaka. Kwa lugha ya dukani: kilo ya unga ya shilingi 1,500 leo, mwakani zaidi ya 13,500. Mshahara uleule.

Zilizoliwa je?

Hili halikwepeki. Mei 2012 Rais Salva Kiir mwenyewe aliwaandikia barua viongozi na maofisa wa zamani na waliokuwepo, akiwataka warudishe takribani dola bilioni 4 zilizopotea, nyingine zikiwa zimeibwa. Hapo vita havijaanza, wala bei haijashuka. Kwa hiyo kuitupia lawama bei ya dunia peke yake ni kujidanganya.

Ruvuma nayo ina makaa ya mawe Ngaka na urani Mto Mkuju, Namtumbo. Tofauti ni kwamba makaa yakidorora, mkulima wa hapa bado ana mahindi ya kuuza NFRA, na serikali bado inapata dola za dhahabu, utalii na korosho. Sudan Kusini ina ardhi nzuri kabisa ya kilimo, ila wakulima wengi walikimbia mapigano.

Februari 2024 ikajirudia. Mafuta ya kule ni mazito, yakisimama yanaganda. Vita vya Sudan vikakwamisha huduma kwenye bomba, likapasuka katikati ya eneo la mapigano. Njia kuu ya mauzo ya nje ikakatika hadi 2025, na mishahara ikakwama tena.