Mashini ya Kupiga Picha za Mifupa: Tuchague Ipi?



Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, au akigongwa na pikipiki njiani, ndugu zake humleta kwetu juu ya machela. Mara huuliza: "Munganga, mfupa umevunjika?" Macho hayawezi kuona ndani ya nyama. Kwa hiyo tunahitaji mashini ya radio. Sisemi ile ya kusikiliza habari! Nasema ile ya kupiga picha kwa nuru isiyoonekana, ambayo Wilhelm Röntgen aliivumbua huko Ujerumani mwaka 1895. Nuru hiyo hupita katika nyama na katika hewa ya mapafu, lakini mfupa huizuia sana. Ndiyo sababu mfupa huonekana mweupe katika picha.

Mmesikia ya kuwa tunakusanya fedha za kununua mashini hiyo, na wengine wanasema, "Tununue iliyo kubwa kupita zote." Ngojeni kwanza. Mimi niliona mashini kubwa iliyotoka Marekani kama zawadi. Ilitaka umeme wa volti 110, nasi huku Kongo tunatumia volti 220. Fundi akatafuta transfoma, lakini kila tulipojaribu kupiga picha jenereta ilizimika. Mwaka wa pili ilikuwa meza ya kuwekea mashuka.

Basi, tuanze na umeme. Picha hupigwa kwa muda usiofika sekunde moja, lakini katika muda huo mashini hutaka nguvu nyingi kwa mara moja. Jenereta ndogo hushindwa, hata ukiijaza mazutu. Lakini ziko mashini zenye betri ndani yake. Betri hujazwa polepole, halafu hutoa nguvu zote kwa ghafula. Hiyo yatufaa.

Tena iwe na magurudumu. Mtu aliyeumia shingo au mgongo hafai kuinuliwa huku na huku. Afadhali mashini imfuate alipolala.

Je, filmu? Filmu hutaka chumba cha giza, dawa za kuoshea na maji safi, nayo huharibika katika joto. Siku hizi kuna kibao kinachowekwa chini ya mgonjwa, na picha huonekana katika kompyuta baada ya sekunde chache. Twaweza hata kumpelekea munganga wa mjini aitazame. Kwa mtu anayetoka damu, saa moja ni kitu kikubwa. Mimi nachagua kibao. Lakini bei yake ni kali, na kikianguka sakafuni huenda kisipone. Kishikwe kama yai.

Nuru hii si mchezo. Mpigaji husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, au huvaa aproni ya risasi na kwenda mbali. Akisimama mita mbili, hupata robo tu ya ile ambayo angeipata kwa mita moja. Mgonjwa asiogope: picha moja ya kifua humpa kiasi kama kile ambacho ardhi na anga humpa kila mtu kwa siku chache. Lakini mama mwenye mimba atuambie kabla, na ninyi mliomleta mgonjwa, mkiambiwa mtoke, tokeni.

Tutamwuliza mwuzaji neno moja zaidi: fundi wa kuitengeneza anakaa wapi? Akijibu, "Ulaya," tutafunga mfuko wetu na kwenda kwa mwingine.