Vesak: Sikukuu ya Mwezi Mpevu katika Sri Lanka

Sikukuu iliyo kuu kupita zote kwa Wabuddha wa madhehebu ya Theravada huitwa Vesak. Neno hilo ni la Kisinhala. Asili yake ni Vesakha katika Kipali, na Vaisakha katika Kisanskriti, nalo ni jina la mwezi. Siku yenyewe ni ile ya mwezi mpevu, ambayo aghalabu huwa katika Mei. Katika Sri Lanka, serikali ya Waingereza iliifanya kuwa siku ya mapumziko mwaka 1885. Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 1999.

Mfasiri huenda akavutwa kuiita “Maulidi ya Buddha”, lakini jina hilo halitoshi. Kwa itikadi ya Theravada, siku hiyo moja hukumbusha mambo matatu: kuzaliwa kwa Buddha, kuamkiwa kwake na ukweli chini ya mti, na kufariki kwake. Huko Japani kuzaliwa huadhimishwa peke yake, tarehe 8 Aprili.

Waumini huvaa nguo nyeupe, wakaenda hekaluni asubuhi kushika sil nane: kutoua, kutoiba, kutokutana kimwili, kutosema uongo, kutokunywa kileo, kutokula baada ya adhuhuri, kutocheza ngoma wala kujipamba, na kutolalia kitanda cha fahari. Kuziita “amri” ni kupotosha, kwa kuwa hapana mwamrishaji; mtu mwenyewe hutamka kwa Kipali kwamba ajitwika kujizuia. “Nadhiri” yakaribia zaidi, ingawa nayo kwa desturi huelekezwa kwa Mungu.

Usiku majumba hung’arishwa kwa taa za karatasi, na njiani husimamishwa thorana, yaani mapambo makubwa ya picha na taa yasimuliayo maisha ya Buddha yaliyotangulia. Kando yake huwa dansala, ambapo kila mpita njia hulishwa bure, asiulizwe dini yake. Neno hilo ni dana, “kutoa”, na sala, “ukumbi”. Sala hiyo haina udugu na sala ya Kiswahili, iliyotoka katika Kiarabu. Dana nayo si sadaka kamili: shabaha yake ni kulegeza uchoyo wa mtoaji na kumchumia fadhila.

Katika Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala. Basi haja ya kuyapima maneno haya si ya vitabuni tu. Ni ya jirani amwelezaye jirani yake.