Siku mbili Fort Ternan, wewe na kamera yako

Wakazi wengi wa mijini wakitaka picha za matembezi hukimbilia Mombasa au mbuga za wanyama. Huenda kundi zima, wakapigana picha mbele ya gari, kisha wakarudi bila kukumbuka hata jina la kijiji walikokula chakula cha mchana. Juma hili, ndugu msomaji, tunakushauri jambo jingine. Chukua kamera au simu yako, funga safari peke yako, na uitembee Fort Ternan kwa miguu Jumamosi na Jumapili moja.

Fort Ternan ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Kericho, karibu na mpaka wa Kaunti ya Kisumu. Ukiwa hapo umeshayaacha juu mashamba ya chai, na ukiteremka kuelekea Koru na Muhoroni unapokewa na miwa. Katikati kuna kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jina lake linatokana na Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekaimu ukuu wa utawala wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1890.

Kwa nini peke yako?

Kwa sababu kundi lina haraka. Wewe unataka kungoja wingu lipite, mwenzako ana njaa, na mwingine anauliza gari linaondoka saa ngapi. Isitoshe, watu kumi wenye kamera huogofya mwenyeji, lakini mtu mmoja huambiwa karibu. Mwenda pole hajikwai, na mpiga picha mwenda pole huona mengi.

Hata hivyo, kwenda peke yako si kupotea. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na utakakolala, hasa ukiwa msichana. Ukifika, jitambulishe kwa chifu au mzee wa mtaa. Kama huna mwenyeji pale, panga kulala Kericho au Muhoroni, na urudi barazani kabla ya giza.

Mwanga na mvua

Huku karibu na ikweta jua huchomoza na kutua kwa haraka. Mwanga laini unaofaa picha huanza kama saa kumi na mbili u nusu asubuhi na kuisha yapata saa mbili u nusu. Hurudi tena kuanzia saa kumi u nusu jioni. Adhuhuri jua huwa utosini: uso wa aliyevaa kofia hutoka mweusi na macho hayaonekani. Wakati huo mwombe mtu asimame chini ya kipaa cha duka, au pumzika unywe chai. Nchi hii ya Kericho hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo beba mfuko usiopenyeza maji wa kufunikia kamera.

Jambo jingine ni hesabu. Zamani filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake ya kusafisha. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo simu hubeba maelfu, nasi tunabonyeza ovyo. Jiwekee sheria: picha 36 kwa siku mbili. Utashangaa jinsi macho yako yatakavyokuwa makini.

Reli na watu wasio na majina

Anza Jumamosi jioni karibu na kituo cha reli. Njia hii ndiyo iliyofika Kisumu mwaka 1901, baada ya kuanza Mombasa mwaka 1896. Kutoka Mau Summit, iliyo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, garimoshi huteremka kwa mizunguko na madaraja kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi bonde la ziwa. Huduma ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilikuwa imekatika kwa miaka kadhaa ikafufuliwa Desemba 2021. Omba ruhusa kwa wahusika wa kituo kabla ya kupiga picha, na usitembee kamwe juu ya reli.

Ukiwa hapo, kumbuka jambo moja. Ujenzi wa reli hii ulileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Picha za ujenzi zipo, na nyingi zilipigwa na William D. Young, mpiga picha wa reli. Katika picha kama hizo mara nyingi tunajua jina la mpiga picha na majina ya wakubwa. Waliobeba mataruma na nyundo wamebaki kuwa "vibarua" tu. Wajukuu wao hawawezi kuwatambua.

Mawe yenye kumbukumbu

Jumapili asubuhi tembea vilimani. Hapa, katika shamba la mkulima aitwaye Fred Wicker, Louis Leakey na wachimbaji wake walipata mwaka 1961 vipande vya taya ya kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa. Mwaka uliofuata Leakey alikipa jina la Kenyapithecus wickeri. Umri wake ulikisiwa kuwa miaka milioni 14, kwa kupima mawe ya volkano yaliyoambatana na mabaki hayo. Palipatikana pia mifupa ya swala na ya jamaa wa twiga.

Usitarajie kuona mifupa imelala njiani. Piga picha ya nchi yenyewe: kilima, udongo, mtu analima juu ya miaka milioni 14. Na ukiona kitu kinachofanana na mfupa, kipige picha ukiache. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale bila kibali. Tena mfupa huwa na maana kwa sababu imeandikwa ulipatikana wapi na katika tabaka gani. Ukiutia mfukoni, umegeuka jiwe la kawaida.

Picha nayo ni vivyo hivyo. Uso usio na jina, mahali wala tarehe ni mfupa uliotiwa mfukoni.

Daftari ni nusu ya kamera

Kwa hiyo beba daftari dogo na kalamu. Ukimwona mama anaanika kahawa, usimvizie kwa mbali. Mkaribie, umwamkie. Neno "chamgei" litafungua milango, na "kongoi" ndiyo asante. Mwombe ruhusa. Akikataa, mshukuru uendelee na safari. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa habari zake binafsi. Kwa mtoto, ruhusa hutoka kwa mzazi.

Akikubali, mwombe akuandikie jina lake mwenyewe, maana wewe wa mjini utakosea herufi. Andika kijiji, tarehe na kazi aliyokuwa akiifanya. Uliza pia kama angependa jina hilo litajwe ukimwonyesha mtu mwingine picha. Hapo ndipo utakaposikia habari ambazo lenzi haioni: shamba lilinunuliwa lini, babu alifanya kazi gani relini.

Ukirudi nyumbani, keti na jamaa zako mchague picha 12 tu kati ya zile 36. Zichapishe kwenye karatasi, kwani simu hupotea na huvunjika. Nyuma ya kila moja nakili yale uliyoandika daftarini. Kisha chapisha nakala ya pili ya kila picha yenye mtu, uitie katika bahasha, na umpelekee mwenyewe Fort Ternan. Huenda ikawa ndiyo picha pekee ya ujana wake watakayoiona wajukuu wake, na jina lake litakuwa pale nyuma, kwa mwandiko wako.