Maji ya kijani kwenye bwawa la samaki: usikimbilie dawa ya pisini

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Unashuka bondeni na ndoo yako ya pumba, na unakuta samaki wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Hata kivuli chako kikiwapitia hawakimbii. Maji ni mazito na ya kijani kama sombe iliyopondwa. Jana jioni ulikuwa unahesabu minervali ya watoto ndani ya hilo bwawa. Leo unahesabu wanaoelea.

Wafugaji wengi wa samaki kwenye vilima vya Kabare, Walungu na Kalehe wanaijua asubuhi ya namna hiyo, au wamesikia jirani akiisimulia. Hapa kwetu hasara inauma zaidi. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi, na mabwawa yetu mengi yako juu zaidi. Maji ni baridi, tilapia anakua polepole kuliko yule wa uwanda wa Ruzizi. Ukimpoteza samaki mmoja mkubwa, umepoteza kazi ya miezi mingi.

Halafu anatokea mtu na shauri. Iko na ndugu anayelinda nyumba moja ya kando ya ziwa, Bukavu, nyumba yenye pisini. Kwa patroni wake maji yakigeuka kijani wanaweka dawa, na baada ya siku chache yanang'aa. Atakuletea kidogo. Tunaandika habari hii ili wewe na koperative yako mujibu: aksanti, lakini hapana.

Pisini na bwawa si kitu kimoja

Kile kijani ni mwani, yaani mimea midogo sana ya majini. Inakua pale penye jua na mbolea. Mwenye pisini anataka maji yasiyo na kitu chochote chenye uhai. Ndiyo maana anatia klorini, anasugua kuta, anachuja maji, na mara nyingine anatia dawa yenye shaba. Mfugaji wa samaki anataka kinyume chake. Tilapia anakula mwani, na maji yenye kijani kidogo ni chakula cha bure.

Klorini, hata kidogo sana, inaunguza mashavu ya samaki. Kwa hiyo javel isiguse bwawa, na maji ya bomba ya Regideso yaache wazi siku moja au mbili kabla ya kuwekea vifaranga. Sulfati ya shaba, yale mawe madogo ya buluu, ni hatari zaidi kwenye maji yasiyo na chokaa ya kutosha, na udongo wetu mwingi wa milimani ni wa uchachu. Tena shaba haiozi. Inabaki kwenye matope. Na hata kama samaki hawakufa kwa dawa, mwani wote ukifa siku moja unaoza, na kuoza kunamaliza hewa ya maji.

Kwa nini alfajiri?

Mchana mwani unatoa oksijeni ndani ya maji. Usiku hautoi, unavuta, kama vile samaki anavyovuta na matope yanavyovuta. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, hewa inaisha usiku kucha, na saa mbaya kabisa ni kabla ya jua kutoka. Siku za mawingu mfululizo ni za kuangalia sana, maana mchana wake hautoi hewa ya kutosha. Na wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kijito kinapungua na maji mapya hayaingii.

Pima kwa mkono

Hauhitaji mashine. Siku ya jua, ingiza mkono wima ndani ya maji taratibu, kiganja kimekunjuliwa.

Vidole vikipotea machoni maji yakiwa yamefika karibu na kiwiko, kijani kinatosha. Endelea kama kawaida.

Vidole vikipotea maji hayajapita kifundo cha mkono, kijani kimezidi. Simamisha mbolea leo.

Ukiona vidole hata maji yakipita kiwiko sana, chakula ni kidogo. Ongeza mbolea polepole.

Lakini angalia rangi. Maji ya kahawia baada ya mvua ni udongo, si chakula, na kipimo hiki hakitakusaidia.

Kisha jua ni kijani gani. Kile kinachoning'inia kwenye fimbo kama nywele kivute kwa reki, ukipeleke kwenye mboji ya migomba. Kinapenda maji mafupi, kwa hiyo chimba kingo zifike walau sentimita 60. Kile kinachotanda juu kama rangi ya kupaka nyumba, na ukikiweka ndani ya chupa ya maji usiku mmoja kinapanda juu badala ya kuzama, ni kibaya. Kinaweza kuwa na sumu. Mbuzi na ng'ombe wasinywe hapo, watoto wasioge hapo. Kikusanye upande upepo unakokisukuma, ukiteke kwa kitambaa au kikapu, na ukifukie mbali na mfereji.

Samaki wakipumua juu

1. Usiwape chakula wala mbolea siku hiyo.

2. Ingiza maji mapya mara moja, yaanguke kutoka juu ili yabebe hewa. Wakati huohuo toa maji ya chini, yale yanayonuka. Badilisha kama theluthi moja, si yote.

3. Kama mfereji umekauka, iteni majirani. Teka maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, piga maji kwa mbao, mpaka jua lipande.

4. Vua wakubwa walio hai na uwauze. Bwawa lenye samaki wachache linavuta hewa kidogo.

5. Waliokufa waondoe na kuwazika. Usiwapeleke sokoni.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Kijani kinachozidi karibu kila mara kimeletwa na mkono wetu wenyewe. Tunamwaga samadi nyingi siku moja kwa sababu tumeipata siku hiyo. Kwa ari moja, anza na kilo 10 za samadi ya ng'ombe kwa wiki. Ya kuku, nusu yake au chini, maana ina nguvu. Iweke ndani ya zizi la miti kwenye kona ya bwawa, isitawanyike. Pima kwa mkono kila wiki kabla ya kuongeza. Pumba inayobaki ikielea baada ya robo saa ni pumba iliyozidi.

Chimba mfereji wa kukinga upande wa juu, ili mvua isishushe udongo na mbolea ya shamba la jirani. Ukimaliza mavuno, kausha bwawa, toa matope meusi na uyapeleke bustanini, kisha nyunyiza chokaa ya shamba kilo 10 mpaka 20 kwa ari. Ngoja wiki mbili kabla ya vifaranga, na usiweke chokaa na samadi siku moja.

Mwisho, ongeeni kwenye mkutano wa koperative. Bonde moja mara nyingi linatumia mfereji mmoja. Mtu mmoja wa juu akitia dawa ya pisini kwa siri, maji yake yatafika kwa wote walio chini. Wekeni sheria hiyo sasa, na muchague mtu wa kupita asubuhi na mapema wakati wa kiangazi.